Fahamu Matibabu ya Kidonda Ndugu cha Mguu

Kidonda ndugu ni jeraha linalokaa muda mrefu bila kufunga, hasa mguuni au kwenye wayo. Kisipotibiwa mapema, maambukizi yanaweza kufika kwenye mfupa na mgonjwa akalazimika kukatwa mguu.

Mazimbu, katika Manispaa ya Morogoro, ina historia ndefu ya huduma za afya. Hospitali yake ilijengwa miaka ya 1980 kwa mshikamano wa Waholanzi, wakati ANC ya Afrika Kusini ilipoendesha chuo chake hapo. Mwaka 1992 eneo hilo lilikabidhiwa Serikali ya Tanzania, na sasa ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Kabla ya kufunga kidonda, muuguzi hutafuta chanzo chake. Hupima sukari, hupapasa mapigo ya damu mguuni na kuchunguza ganzi. Uchunguzi huo ni muhimu kwa kuwa bandeji ya kubana husaidia kidonda kinachotokana na udhaifu wa mishipa ya vena, lakini huweza kumdhuru mgonjwa ambaye ateri zake zimeziba.

Kidonda husafishwa kwa maji maalumu ya chumvi, nyama iliyokufa huondolewa na mtaalamu, kisha hufunikwa kwa kitambaa tiba kinachohifadhi unyevu wa kiasi, kwani ngozi mpya huota vyema penye unyevu kuliko penye ukavu. Ukubwa wake hupimwa mara kwa mara ili kuona kama kinapungua. Mwenye kisukari huelekezwa pia kutoukanyagia mguu wenye kidonda wayoni, maana ganzi humfanya aendelee kuuumiza bila kuhisi.

Mwaka 2004 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kutekeleza mradi wa Step by Step, uliowafundisha daktari na muuguzi kwa pamoja huduma ya mguu wa mgonjwa wa kisukari.

Wananchi, wakiwemo wakulima wa miteremko ya Uluguru, wanashauriwa kuvaa viatu shambani na kutoweka majivu wala unga wa vidonge kwenye kidonda. Mwenye kisukari akague nyayo kila siku, na aonapo jeraha lolote, hata lisilouma, afike kituo cha afya bila kuchelewa. Wekundu unaosambaa, harufu mbaya, homa au weusi wa vidole ni dalili za dharura.