Malenga wa Chemchemi za Lucca

Mkoa wa Lucca, katika jimbo la Toscana nchini Italia, umejaaliwa mambo matatu: bahari, milima na maji ya moto. Magharibi ni pwani ya Versilia na mji wa Viareggio. Nyuma ya pwani imesimama milima ya Apuane, ambayo weupe wake mgeni hudhani ni theluji, kumbe ni marumaru. Ndani zaidi, katika bonde la mto Lima, zimo chemchemi za Bagni di Lucca, zilizowavuta wagonjwa kwa karne nyingi.

Kila pahala hapo pana jina la mgeni. Milimani hutajwa Michelangelo, aliyetumwa Seravezza mnamo mwaka 1518 na Papa Leo wa Kumi, ipasuliwe barabara ya kuteremshia marumaru za kanisa la San Lorenzo mjini Florence. Uso wa kanisa lile haujajengwa hata leo. Pwani hutajwa Shelley, mshairi Mwingereza, aliyezama tarehe 8 Julai 1822. Mawimbi yaliutupa mwili wake karibu na Viareggio, ukatambulikana kwa kitabu cha mashairi ya Keats kilichokuwamo mfukoni, na sheria za karantini zikawalazimu rafiki zake kuuchoma papo hapo mchangani. Miaka minne kabla, alikuwa Bagni akifasiri Karamu ya Plato.

Lakini kwa apendaye ushairi, jina la kutafutwa ni la mwenyeji. Mwaka 1581 Michel de Montaigne, bingwa wa insha wa Ufaransa, alikuja Bagni kutibu mawe ya figo. Akaandaa dansi kwa wanavijiji, na chakulani akamketisha mezani mkulima maskini aitwaye Divizia. Mama huyu hakujua kusoma wala kuandika. Yeye na mumewe waliishi kwa kazi ya mikono. Ila utotoni, jamaa yake alikuwa akisoma Ariosto na washairi wengine mbele yake, naye akayanasa kwa masikio. Akawa hutunga kwa wepesi wa ajabu, akitia visa vya kale na majina ya miungu, ya nchi na ya watu mashuhuri, mithili ya aliyesoma.

Divizia alimtungia Montaigne beti nyingi. Mgeni alisifu ufasaha na wepesi wake, lakini akahukumu kuwa zilikuwa vina tu. Shajara ya safari ile ilichapishwa mwaka 1774: jina la Divizia limo, beti zake hazimo. Kwa hiyo hukumu ile hatuwezi kuipinga wala kuiunga mkono.

Utungo wake haukupotea kwa kukosa msikilizaji, kwani aliyemsikiliza alikuwa miongoni mwa waandishi wakubwa wa Ulaya, na kalamu alikuwa nayo. Basi anayemsikia malenga wa papo kwa hapo, popote alipo, na aandike beti kwanza. Hukumu ifuate baadaye.