Spea Isiyowahi Kugusa Lami

Mbio za Mille Miglia, zilizoanza mwaka 1927, zilitoka Brescia hadi Roma na kurudi: kilomita zipatazo 1,600 kwenye barabara za kawaida, nyingine mbovu kwelikweli. Kwa safari ya namna hiyo kila dereva alijua pancha itamkuta. Ndiyo maana Alfa Romeo 6C 1750 zilizoundiwa bodi na Zagato zilibeba spea mgongoni, waziwazi, na hakuna aliyeona kuwa zimeharibiwa sura. Kwangu mimi, hizo spea ndizo zinazozipendezesha.

Rimu zenyewe zilikuwa kazi ya fundi. Carlo Borrani alianza kuzitengeneza Milano mwaka 1922, kwa kibali cha kampuni ya Kiingereza ya Rudge-Whitworth. Zilikuwa za spoki, na zilifungwa kwa nati moja kubwa ya katikati yenye masikio. Nyundo ikigonga masikio mara chache, gurudumu linatoka. Sheria ya usalama ya Marekani ya mwishoni mwa miaka ya 1960 ilipiga marufuku masikio hayo, kwa hiyo magari ya Kiitaliano yaliyouzwa huko yakafungwa nati zisizo na masikio.

Tairi lilikuwa suala la kufa na kupona. Mwezi Mei 1957, katika mbio hizo, karibu na Guidizzolo, tairi la Ferrari ya Alfonso de Portago lilipasuka. Walikufa yeye, msaidizi wake Edmund Nelson na watazamaji tisa, watano kati yao watoto. Mille Miglia ya zamani ikaishia hapo. Enzo Ferrari alishtakiwa, na akaachiwa huru mwaka 1961.

Kufikia wakati huo spea ilikuwa imeshaanza kuhamia ndani. Kwenye Ferrari 250 GTO ya 1962 ilikaa nyuma, kwenye mkia. Lamborghini Miura, ambayo injini yake iko nyuma ya viti, iliificha mbele chini ya boneti, pamoja na rejeta. Kisha matairi ya nyuma yakanenepa. Lamborghini Countach LP400 S ya 1978 ilivaa Pirelli P7 za milimita 205 mbele na 345 nyuma. Spea moja ingetoshaje pande zote mbili? Ukubwa huo wa kujionyesha ndio ulioivunjia spea heshima, ikabaki kigurudumu chembamba cha kukufikisha gereji tu.

Wakusanyaji wa leo wa magari hayo huifungua buti kabla ya kuitazama injini. Magurudumu manne ya barabarani yamegongwa, yamenyooshwa, yamepakwa rangi upya au yamebadilishwa kabisa. Spea, ikiwa haikuguswa, bado ina rangi ya kiwandani, mihuri ya mtengenezaji na tairi la aina ambayo gari lilitoka nalo. Hapo mrejeshaji anaona rangi ya fedha ya rimu ilikuwaje, bila kubahatisha.

Lakini mpira hauhifadhiki kwa kulazwa gizani. Hukakamaa, hupasuka ubavuni, na tairi lenye kashata nzima linaweza kuachia likishika mwendo. Michelin bado wanatengeneza tairi la XWX, na Pirelli wameirudisha Cinturato CN72, zikiwa na kashata na vipimo vya zamani. Mwenye busara huendeshea hizo, na lile la awali hulitoa siku ya maonyesho au mnada. Muuzaji akikwambia spea ya mwaka 1967 bado inafaa barabarani, mwachie aifunge kwenye gari lake.