Kifaru begani: Nembo ya askari wetu Burma

NEMBO inayoshonwa kwenye mkono wa sare ya askari si pambo. Vitani, humtambulisha kwa wenzake bila kumfichulia adui jina la kikosi.

Katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka wa 1943, ilivaa kichwa cha kifaru, yule mnyama mwenye pembe puani. Askari wake walitoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi. Lugha zao zilikuwa nyingi na wengi hawakujua kusoma, lakini picha ya kifaru haikuhitaji mkalimani.

Mwaka wa 1944 walipambana na Wajapani nchini Burma, ambayo leo ni Myanmar, wakipenya Bonde la Kabaw katika mvua na matope hadi Kalewa, kando ya mto Chindwin. Wenzao wa Divisheni ya 81 ya Afrika Magharibi walivaa buibui, ishara ya Anansi, mjanja wa ngano za Waashanti.

Ukikuta kitambaa chenye kichwa cha kifaru katika sanduku la marehemu babu, usikitupe. Huenda ndicho shahidi pekee aliyesalia nyumbani kwamba mzee alipigana Burma.