Mtandao wa Kijamii: Istilahi Moja, Dhana Mbili

Istilahi mtandao wa kijamii imezoeleka kiasi kwamba ni rahisi kuitumia katika tasnifu bila kuifasili, ingawa ndani yake zimo dhana mbili ambazo Kiingereza huzitenga kwa majina mawili. Ya kwanza, "social network", ni ya wanasosholojia na wanaanthropolojia, nayo humaanisha mahusiano yanayowaunganisha watu, yawe ya damu, ya ujirani au ya kazi. Ya pili, "social media", hutaja majukwaa ya kidijiti ambayo kupitia kwayo mtu huchapisha maandishi, picha na sauti kwa ajili ya wengine. Kiswahili kimezikusanya zote mbili chini ya jina moja, na mtafiti asiyeutambua mkusanyo huo huweza kupima jambo moja kisha akatoa hitimisho kuhusu jingine.

Nomino mtandao ina asili katika kitenzi tandaa, yaani kuenea, chenye undugu na tanda, kama wingu linavyotanda angani, na pia na utando, kama ule anaoufuma buibui. Jamii nalo ni neno lenye asili ya Kiarabu, kutoka mzizi wenye maana ya kukusanya. Istilahi hii, basi, huweka pamoja kuenea na kukusanyika, na mkazo wake uko kwa watu wanaounganishwa, ilhali neno "media", ambalo ni wingi wa neno la Kilatini lenye maana ya kilicho kati, hutaja chombo kinachopitisha ujumbe.

Dhana ya mahusiano ni kongwe kuliko intaneti. Mwaka 1954 mwanaanthropolojia Mwingereza J. A. Barnes alichapisha makala kuhusu Bremnes, parokia ya kisiwani nchini Norwei, ambamo alitofautisha makundi ya makazi na ya kazi ya uvuvi na uwanja wa tatu usio na mipaka wala uongozi, yaani wa jamaa, marafiki na watu wanaofahamiana, akauita mtandao. Awali alikuwa ametumia neno lenye taswira ya utando, lakini akaliacha kwa hofu kwamba wasomaji wangefikiria utando wa buibui uliolala bapa, hali yeye alitaka picha ya mahusiano yanayokwenda pande nyingi.

Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter aliipeleka dhana hiyo katika maisha ya kikazi. Miongoni mwa wataalamu na mameneja wa kitongoji kimoja cha Boston waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara, kwa sababu marafiki wa karibu hujua yale yale tunayoyajua, na habari mpya huletwa na wa mbali. Kuyaita mahusiano na watu hao wa mbali "dhaifu", kwa kufuata Kiingereza neno kwa neno, hupotosha, kwani nguvu yake imo katika umbali wake. "Mahusiano ya mbali" huibeba maana kwa uaminifu zaidi.

Majukwaa yalikuja baadaye na kuyaonyesha mahusiano hayo kwenye skrini. Mwaka 2007 watafiti danah boyd na Nicole Ellison walieleza sifa zake tatu: wasifu wa mtumiaji, orodha ya anaounganishwa nao, na uwezo wa kuipitia orodha hiyo na za wengine. LinkedIn, iliyozinduliwa mwaka 2003, iliyaweka wazi mahusiano ya kikazi, na ResearchGate, iliyoanza mwaka 2008, ikawapa watafiti mahali pa kugawana makala zao. Mwaka 2010 Jason Priem alibuni jina la vipimo vinavyohesabu jinsi kazi ya kitaaluma inavyotajwa na kuhifadhiwa mtandaoni, ambavyo kwa Kiswahili huweza kuitwa vipimo mbadala, mradi ieleweke kwamba huonyesha kazi imevuta macho kiasi gani, wala havithibitishi ubora wake.

Athari nzito zaidi ya kuchanganya dhana hizi ni ya kimaadili. Mwezi Juni 2014 ulichapishwa utafiti ambao ndani yake machapisho yaliyoonyeshwa kwa watumiaji 689,003 wa Facebook yalikuwa yamechujwa ili kupima hisia zao, bila kila mmoja kuombwa ridhaa mahususi. Watafiti walikuwa wameliona jukwaa kama chombo, lakini waliolalamika waliwaona watu. Kilichowekwa hadharani hakijatolewa ruhusa kwa kila matumizi, na sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zimeipa hoja hiyo nguvu ya kisheria.

Inafaa, kwa hiyo, maandishi ya kitaaluma yatumie mtandao wa mahusiano kwa dhana ya Barnes na majukwaa ya kijamii kwa vyombo vyenyewe, huku mitandao ya kijamii ikibaki katika usemi wa kila siku. Hata hivyo, jina hilo la kila siku lina funzo ambalo mtafiti hapaswi kulipoteza anapohesabu akaunti: kila moja ni ya mtu aliyefungamana na wengine, nao hawakuulizwa chochote.