Barakoa katika meli za kitalii: inamkinga nani, na dhidi ya nini?

Tarehe 3 Februari 2020 meli ya kitalii Diamond Princess iliwasili Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711: abiria 2,666, na mabaharia na wahudumu 1,045. Abiria mmoja aliyeshuka Hong Kong tarehe 25 Januari alikuwa amekwisha kugunduliwa kuwa na virusi vipya vya korona. Kuanzia tarehe 5 Februari abiria waliamriwa kubaki vyumbani mwao kwa siku 14. Meli ilipobaki tupu, tarehe 1 Machi, hesabu ya walioambukizwa ilikuwa imezidi 700. Hatimaye ikafikia 712, na zaidi ya kumi kati yao walifariki dunia.

Barakoa hazikukosekana katika meli hiyo. Abiria waliolala katika vyumba visivyo na dirisha waliruhusiwa kupanda sitahani kwa zamu, muda wa saa moja hivi, wakiwa wamevaa barakoa na kukaa mbalimbali. Wahudumu waliopeleka chakula mlango kwa mlango nao walivaa. Ila zamu ilipokwisha, wahudumu hao walirudi chini, katika vyumba ambamo wengi walilala zaidi ya mmoja, na wakala katika ukumbi wao wa pamoja, mahali ambapo barakoa haiwezi kubaki usoni. Kufikia tarehe 9 Februari wafanyakazi 20 wa meli walikuwa wamethibitishwa kuugua. Kati yao 15 walikuwa watu wa jikoni na mezani, na 16 walikuwa na vyumba katika sitaha ya tatu, ambako wafanyakazi wa chakula walikuwa wakiishi. Karantini iliyowafungia abiria milango haikuwa karantini kwa waliowabebea sahani.

Tarehe 18 Februari, Kentaro Iwata, profesa wa magonjwa ya kuambukiza wa Chuo Kikuu cha Kobe, aliingia melini kwa muda mfupi, kisha akarekodi video akieleza kwamba hapakuwa na mpaka ulio wazi kati ya eneo safi na eneo lenye maambukizi, na kwamba watu waliovaa vifaa vya kujikinga na wasiovaa walikuwa wakipishana katika njia zilezile. Serikali ya Japani ilitetea hatua zake, na baada ya siku mbili profesa aliiondoa video hiyo mtandaoni. Hoja yake ya msingi, hata hivyo, ni somo la kwanza katika udhibiti wa maambukizi: barakoa ni sehemu moja ya utaratibu, na utaratibu ukivunjika haiwezi kuubeba peke yake.

Kisa cha pili hakikuvuma kama hicho, lakini kinafundisha zaidi kuhusu wakati wa kuvaa. Katikati ya Machi 2020 meli ndogo Greg Mortimer iliondoka Ushuaia, kusini mwa Argentina, kuelekea bahari ya Antaktika. Kabla ya kupanda, kila mtu alipimwa joto la mwili, na wasafiri waliopitia nchi zilizokuwa na maambukizi mengi wakati huo walizuiwa. Dawa ya kusafishia mikono iliwekwa sehemu nyingi, hasa chumba cha kulia. Kwa siku saba hakuna aliyeonekana mgonjwa. Siku ya nane abiria mmoja akapata homa. Siku hiyohiyo abiria wote walifungiwa vyumbani na kupewa barakoa za hospitali, na wahudumu waliowakaribia wenye homa wakavaa barakoa nzito za N95.

Mipaka ya Argentina ilikuwa imefungwa, meli ikaelekea Montevideo, Uruguay. Watu 217 waliokuwamo walipopimwa, 128 walikutwa na virusi. Katika hao, 104 hawakuwa na dalili yoyote. Wanane walilazimika kuondolewa melini kwa matibabu, na mmoja alifariki. Madaktari walioandika kuhusu safari hiyo katika jarida la kitabibu Thorax walitaja pia jambo la kustaajabisha: katika vyumba kumi, watu wawili waliolala pamoja walipata majibu tofauti.

Wapo waliochukua takwimu hizo kuthibitisha kwamba barakoa hazifai kitu melini. Hitimisho hilo ni la haraka mno. Kinachoonekana wazi zaidi ni kwamba barakoa zilitolewa baada ya homa ya kwanza, ilhali virusi vya korona husafiri kabla ya homa na hata pasipo homa. Kwa siku saba watu walikula pamoja, walipanda pamoja mashua ndogo za kwendea ufukweni na kukaa pamoja kusikiliza mihadhara, kila mmoja akiamini kipimajoto kilichomruhusu kupanda. Barakoa inayongoja kikohozi huja imechelewa.

Ni haki kukumbuka kwamba ushauri wenyewe ulikuwa haujatulia. Mwanzoni mwa mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani halikuwashauri watu wasio wagonjwa kuvaa barakoa. Msimamo ulibadilika tarehe 5 Juni mwaka huo. Wakati ule mkazo mkubwa ulikuwa katika kunawa mikono na kufuta vitasa vya milango. Utafiti wa kihesabu kuhusu Diamond Princess, uliochapishwa mwaka 2021, ulionesha kwamba chembe ndogo zinazoelea hewani zilichangia maambukizi kuliko vitu vilivyoguswa. Kwa meli hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa meli ni nyumba ya vyumba vidogo, dari za chini na njia nyembamba, na hewa yake, katika meli nyingi, ni mchanganyiko wa hewa mpya na ile iliyozungushwa.

Hapo ndipo aina ya barakoa inapokuwa na maana. Barakoa ya kitambaa huzuia matone makubwa ya mate, basi. Barakoa ya hospitali, ile ya bluu inayofungwa masikioni, huchuja vizuri zaidi, lakini huacha mianya mashavuni, na hewa kama maji hupita penye mwanya. Barakoa za N95, na za Ulaya ziitwazo FFP2, zimetengenezwa kushika uso. Ya N95 inatakiwa kuzuia angalau asilimia 95 ya chembe ndogo zinazotumika katika kuipima. Nguvu yake haitokani na unene. Nyuzi zake zimetiwa chaji ya umeme tuli, nazo huvuta chembe kama kitana kilichosuguliwa kinavyovuta vipande vya karatasi. Kwa sababu hiyo barakoa ya aina hii haifuliwi kwa sabuni wala kupuliziwa spiriti: huonekana safi, lakini chaji imeondoka. Iliyoloa kwa jasho au kurushiwa maji ya bahari ibadilishwe. Ndevu nazo huinyima mshiko. Mwenye ndevu nyingi hupata kinga pungufu hata akinunua barakoa bora kuliko zote.

Kuivaa saa zote za safari si lazima, wala wachache ndio wanaoweza. Sitahani, penye upepo na watu wachache, faida yake ni ndogo. Faida ni kubwa katika lifti, katika foleni ya kupanda na kushuka, katika ukumbi wa maonyesho, na ndani ya basi la matembezi ambalo madirisha yake hayafunguki. Mahali pagumu ni chakulani. Huko hakuna barakoa inayosaidia, na msafiri mzee au mwenye ugonjwa wa mapafu hana budi kuchagua saa ambazo ukumbi hauna watu wengi au kula nje.

Kuna ugonjwa mwingine wa meli ambao barakoa haiugusi kabisa, nao ndio ambao majina ya meli huhusishwa nao mara nyingi: kuhara na kutapika kunakosababishwa na virusi vya noro. Hivi hupita kwa mikono, chakula, maji, vyombo na mabaki ya matapishi, na idadi ndogo sana ya virusi hutosha kumwangusha mtu. Mpango wa Marekani wa kukagua usafi wa meli ulianza katika miaka ya 1970, na meli zinazoingia bandari za nchi hiyo kutoka nje hutakiwa kutoa taarifa za kuhara. Kikundi cha wagonjwa huhesabiwa kuwa mlipuko kinapofikia asilimia 3 ya abiria au ya wafanyakazi. Dhidi ya noro, sabuni na maji ya kutiririka hushinda ile dawa ya spiriti iliyowekwa mlangoni mwa ukumbi wa chakula. Spiriti haiviui vizuri. Anayesafisha matapishi ndiye pekee mwenye sababu nzuri ya kufunika pua na mdomo hapo, kwa kuwa matone hurushwa karibu na uso wake.

Homa ya mapafu ya Legionella ni jambo tofauti tena. Bakteria wake huzaliana katika mabomba na mabwawa ya maji moto yasiyotunzwa, na mtu huambukizwa kwa kuvuta mvuke wenye maji hayo. Tiba ya meli hapo ni fundi wa maji na klorini.

Sheria nazo zimepanda na kushuka. Nchini Marekani amri ya kuvaa barakoa katika vyombo vya usafiri, meli zikiwamo, ilianza kutumika Februari 2021, na tarehe 18 Aprili 2022 jaji wa mahakama ya shirikisho huko Florida aliitangua. Mpango maalumu wa kusimamia korona katika meli za kitalii ulisimamishwa Julai mwaka huohuo. Tangu hapo, kwa kampuni nyingi, abiria huvaa akipenda.

Kwa mfanyakazi wa meli jambo si la kupenda tu. Yeye huvaa anapoamriwa, na huvua anapoamriwa. Mkataba wake huweza kuwa wa miezi mingi, chumba chake ni cha kushirikiana, na siku asiyofanya kazi huweza kumgharimu. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006 unamtaka mwenye meli kuwapatia mabaharia kinga ya afya na matibabu bila ya wao kulipa. Hata hivyo, kati ya kuandikiwa haki na kumwambia msimamizi asubuhi kwamba koo linawasha, pana safari ndefu. Baharia anayejua kwamba kutengwa hakutamkatia mshahara atasema mapema. Asiyejua hivyo atavaa barakoa aliyopewa, akaze kamba, aingie zamu. Mwenye meli anayesambaza barakoa bila kulishughulikia hilo amefunika nusu ya tatizo.

Meli za kitalii hutia nanga Mombasa na Zanzibar pia, na wanaokutana na abiria wa kwanza ni maofisa wa afya wa bandari, makuli, madereva wa mabasi na waongozaji wa watalii. Dereva akikaa saa tatu ndani ya basi lililofungwa kwa ajili ya kiyoyozi na watu arobaini waliolala chombo kimoja kwa wiki nzima, hali yake inafanana zaidi na ya mhudumu wa meli kuliko ya mtu aliyesimama gatini. Dirisha lililofunguliwa na barakoa iliyokaa vizuri usoni havimgharimu mengi.

Kabla hawajashuka, kuna karatasi. Chini ya Kanuni za Kimataifa za Afya za mwaka 2005, nahodha huweza kutakiwa kujaza tamko la afya linaloeleza kama kuna aliyekufa kwa ugonjwa safarini, kama kuna mgonjwa melini, na kama wagonjwa wamezidi kiasi cha kawaida. Bendera ya njano, ambayo zamani iliogopesha watu wa pwani kwa kuashiria maradhi, leo ina maana iliyo kinyume: meli yangu ni salama, naomba ruhusa ya kuingia. Ofisa wa afya huisoma bendera hiyo pamoja na daftari la daktari wa meli, na akiona wenye mafua wameongezeka siku tatu mfululizo, ana mamlaka ya kupanda juu na kuuliza kabla ya ngazi ya abiria kuteremshwa.