Mwendo, Moshi na Watu wa Kando ya Barabara

Mwaka 1973 nchi yetu ilifanya mambo mawili ambayo wanahistoria huyaweka katika sura tofauti, nami naona yafaa yasomwe pamoja. Bunge lilitunga Sheria ya Usalama Barabarani, ambayo hadi leo ndiyo msingi wa matumizi ya barabara zetu. Na mwezi Novemba wa mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na kazi hiyo iwe imekamilika kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Mamilioni ya watu walihama, wengine kwa hiari, wengi kwa kusukumwa. Mahali pengi, Uziguani pakiwemo, kijiji kipya kilipimwa kando ya barabara, kwa kuwa huko ndiko lori la serikali, mwalimu na mganga wangefika kwa wepesi.

Nayakumbusha haya kwa sababu mjadala wa mwendo kasi huendeshwa kana kwamba mwenye gari alikuwapo kwanza, na mtembea kwa miguu ndiye aliyekuja kumwingilia. Pita Mkata, Kabuku na Michungwani hadi Segera, kisha ushike njia ya Korogwe na Mombo. Utaona nyumba, shule, misikiti na meza za machungwa zimejipanga hatua chache kutoka kwenye lami. Wengi wa wanaoishi hapo ni watoto na wajukuu wa watu walioambiwa na dola wakae hapo. Lami nzuri na injini zenye nguvu zimekuja kuwakuta. Kibao cha kilomita 50 kwa saa kilichosimama mwanzo wa kijiji, basi, si hisani ya dereva kwa wanakijiji. Ni sehemu ya deni la wale waliowaleta barabarani.

Reli ilikuwa na adabu zaidi, kama naweza kusema hivyo kuhusu kitu kilichojengwa kwa jasho la kulazimishwa. Njia ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na treni ilikuwa na njia yake peke yake, na saa zake. Gari halina mipaka hiyo. Kinachobaki kulizuia ni sheria na dhamiri ya mwenye usukani. Hata Uingereza, ambako sheria ya mwaka 1865 ilitaka mtu atangulie kwa miguu mbele ya gari la mitambo, iliilegeza sheria hiyo mwaka 1896, mwaka ule ule ambao Bridget Driscoll aligongwa na gari na kufa jijini London.

Sasa tazama maadili tuliyojijengea. Dereva akiona tochi ya trafiki, humwashia taa anayekuja mbele yake. Tunauita huo uungwana. Ni uungwana wa aina gani, ikiwa anayelindwa ni mwenye gari, na anayefichwa ni hatari inayomkaribia mtoto wa shule? Trafiki wamejibanza nyuma ya mti kwa hila zao, nakubali, na rushwa imeitia doa kazi yao. Lakini tumefikia mahali ambapo mwendo ni shauri kati ya dereva na askari tu, na mwenye kijiji hayumo kabisa. Hesabu yenyewe haijali tochi: gari likitoka kilomita 50 hadi 100 kwa saa, nguvu ya kishindo chake haiongezeki mara mbili, huongezeka mara nne.

Usiku wa tarehe 3 Februari 2023, huko Magila Gereza wilayani Korogwe, Fuso liligongana na Coaster iliyokuwa imebeba waombolezaji wakisafirisha mwili kutoka Dar es Salaam kwenda kuzika Kilimanjaro. Taarifa ya kwanza ilisema wamekufa watu 17. Serikali mkoani ilitaja mwendo kasi na kulipita gari la mbele bila tahadhari. Msiba ulizaa misiba.

Moshi nao ni jirani wa jambo hili, ingawa hauna siku wala mahali pa kuomboleza. Magari mengi tunayoyanunua Japani hutoka kiwandani na kichujio katika bomba la moshi, ambacho mafundi wetu hukiita masega kwa kuwa ndani yake kuna vitundu kama vya nyuki. Vitundu hivyo vimepakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu, ambayo huigeuza hewa ya sumu kuwa hewa isiyodhuru sana. Madini hayo yana bei, hivyo masega hung'olewa na kuuzwa. Mwenye gari huambiwa kwamba sasa injini itapumua vizuri.

Desturi hii haikuzuka kwa uovu mtupu. Petroli yenye risasi huyaua masega, na Afrika Kusini mwa Sahara iliachana na petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006. Kabla ya hapo, fundi aliyesema kwamba kifaa kile ni mzigo usio na kazi hakuwa mbali sana na ukweli. Sababu ilipokufa, mazoea yakabaki, na bei ikayapa uhai mpya. Wala dhambi hii si ya gereji zetu peke yake. Mwaka 2015 ilifichuka kwamba Volkswagen iliweka programu ya kudanganya vipimo vya moshi katika magari yapatayo milioni 11 duniani. Na mwaka 2020 wakaguzi wa Uholanzi waliona kwamba magari chakavu yaliyokuwa yakisafirishwa kuja Afrika, baadhi yalikuwa yameshang'olewa vichujio kabla ya kupakiwa melini.

Hata hivyo simwachii mwenye gari. Fundi anatafuta ugali. Mwenye gari anayeweza kulipia mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Moshi amechagua kuupeleka moshi wake kwa muuza machungwa, ambaye hakuulizwa na hana gari. Dereva wa kasi walau huhatarisha na shingo yake.

Tunazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za ubora wa hewa za mwaka 2007. Katika safari zangu zote kati ya Segera na Mombo nimepimwa mwendo mara nyingi. Moshi, hata siku moja sijapimwa. Mabasi siku hizi yana kifaa kinachotuma mwendo wao kwa LATRA, na tangu mwaka 2023 yameruhusiwa tena kusafiri usiku kucha. Noah na gari la mheshimiwa havina kifaa hicho, na hupita Michungwani saa nane za usiku bila mtu wa kuwahesabu isipokuwa waliolala kando ya barabara.