Kutoka .com Hadi .africa: Nani Hugawa Majina ya Intaneti?

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kompyuta mpya ilipotaka kujiunga na ARPANET, mtandao uliogharimiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, jina lake liliombwa kwa binadamu. Mwombaji aliwasiliana na ofisi ya Elizabeth Feinler katika taasisi ya SRI, California, tena saa za kazi. Jina likikubaliwa liliingizwa katika faili moja, HOSTS.TXT, ambalo kompyuta nyingine zote zililinakili. Kompyuta zikaongezeka, faili likavimba, majina yakaanza kugongana.

Novemba 1983 mtaalamu wa kompyuta Paul Mockapetris akaleta dawa yake. Jina lisomwe kwa mafungu kuanzia kulia, na kila fungu liwe na mtunzaji wake. Leo ukiandika anwani inayoishia na .org, kwanza huulizwa seva za mzizi, zinazowajua watunzaji wa mafungu ya mwisho: nani anatunza .org? Huyo naye huulizwa nani anatunza jina lililotangulia nukta, mpaka ipatikane namba ya mashine unayoitafuta. Yote hayo hufanyika kufumba na kufumbua, wala hakuna kompyuta inayolazimika kubeba orodha nzima. Ni ubunifu mkubwa ambao haujapewa sifa unazostahili.

Oktoba 1984 watafiti Jon Postel na Joyce Reynolds walitaja vikoa vya jumla, yaani mafungu ya mwisho ya majina: .com, .edu, .gov, .mil na .org; .net ikafuata muda mfupi baadaye. Machi 15, 1985, kampuni ya Symbolics ya Massachusetts ilisajili symbolics.com, ya kwanza kabisa katika .com, bila kulipa chochote. Kwa miaka kumi utaratibu ukawa huo. Kisha Septemba 1995 kampuni ya Network Solutions, iliyosajili majina hayo, ikaanza kutoza dola 50 kwa mwaka, na rejista ya umma ikageuka duka.

Shirika la ICANN liliundwa 1998 kusimamia mfumo huu, na Postel akafariki Oktoba mwaka huohuo. Vikoa vichache viliongezwa, .info na .biz vikiwamo. Mlango mkubwa ulifunguliwa 2012: taasisi yoyote iliyoanzishwa kisheria ingeweza kuomba kikoa chake, alimradi ilipe dola 185,000. Maombi yalifika 1,930. Amerika Kaskazini ilileta 911. Afrika yote, 17.

Hata .africa yenyewe haikupatikana kwa amani. Waombaji wawili waliigombea: taasisi ya Afrika Kusini iliyoungwa mkono na Umoja wa Afrika, na shirika la DotConnectAfrica. Kesi ilisikilizwa California, na kikoa hicho kikaanza kutumika 2017. Jina la bara letu liliamuliwa ugenini.

Ada ya awamu mpya ya maombi, ya 2026, imepanda hadi dola 227,000. Punguzo lipo, lakini kwa wachache wanaokidhi masharti. Kuitoza kampuni ya Seattle na chuo cha Mwanza ada ileile si usawa, na serikali zetu zina wajibu wa kulisema hilo katika vikao vya ICANN.